Tunamuazima Kidogo Tu

Alhamisi, 5 Machi

Kura zinakaribia, na wakubwa wameanza kutukanana. Kwenye TV, mbele ya watu wote — hata hawajifichi! Yule mama wa chama cha bluu, ambaye ndiye mkubwa wa serikali, kasema mkubwa wa wekundu ni mwoga, hawezi kuongoza hata mbuzi watatu. Yule wa wekundu, bwana mwembamba mwenye ndevu, naye akamrudishia: mama huyu anadanganya wananchi asubuhi, anadanganya tena jioni.

Nikapunguza sauti haraka. Kuta za nyumba hizi za serikali ni nyembamba. Jirani akisikia tunasikiliza, atajuaje tuko upande gani? Ornella anacheka. Ananijibu kwa Kingereza, kama kawaida yake: Mum, ni TV tu.

Halafu mama wa bluu akasema nyumba zote za serikali za mtaa wetu huu wa Macquarie Fields, Sydney, zimetengenezwa, ukungu wa kuta umekwisha. Ukungu umekwisha! Bafu letu jeusi mpaka darini, na Ornella hatoki nyumbani bila pafa yake, ile dawa ya pumu ya kuvuta kifuani. Ornella akaruka kwenye kochi: Liar! Kwa nguvu! Na dirisha liko wazi!

Nimelifunga. 

Eti yule bwana wa upinzani analipwa na serikali. Ornella ndiye ananieleza. Anapewa mshahara na gari ili aipinge hiyo hiyo serikali. Nikamwambia, mtoto, usinifanye mjinga. Kwetu Uvira wapinzani nao walilipwa, lakini si kwa mshahara.

Ijumaa, 6 Machi

Baada ya shifti Goreth alinipeleka madukani Cabramatta kwa gari lake. Mchele magunia mawili, unga wa muhogo, mafuta, chumvi nyingi. Goreth ni Mrundi, tunafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Alikulia kambini Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Akaniuliza: kuna harusi? Nikasema wakubwa wanatukanana. Kwetu wakitukanana leo, kesho kutwa maduka yanafungwa.

Alicheka mpaka akasimamisha gari pembeni. "We Mama Ornella we! Hapa kutukanana ndiyo kazi yao. Wakimaliza wanakwenda kunywa chai pamoja."

Haya. Acheke. Chumvi haiozi.

Jumamosi, 7 Machi

Wamekuja mlangoni!

Mwanamke mmoja, T-shirt nyekundu, kibeji kifuani. Sijafungua vizuri, ananiita kwa jina: Généreuse?  Nani kampa jina langu? Anasema wapiga kura wote majina yao wanayo. Na anatabasamu!

Akauliza kama nitawapa kura. Ndiyo. Akauliza kama wanaweza kufunga bango kwenye uzio wangu. Ndiyo. Angetaka kulifunga kwenye paji langu la uso ningesema ndiyo.

Ornella amekasirika. Kwa nini hukukataa, Mum? Hajui. Kwetu lori la chama likipita, unapewa kitenge chenye sura ya mkubwa, unakivaa. Kesho lori jingine, kitenge kingine, unavaa tena. Siyo kupenda, ni kuvaa tu. Mama yangu alikuwa na vitenge vya vyama vinne, na hakuna aliyejua kura yake mpaka tunamzika.

Jumanne, 10 Machi

Na wa bluu wamefika. Nilijua!

Mzee mmoja, kofia ya bluu, jasho linamtiririka. Akaona bango jekundu, akasema, oh, pole mama, naona umeshaamua. Akageuka, akaanza kuondoka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu anayekuja na kusema, huyo unamjibu. Anayeondoka kimya anakwenda kusema wapi?

Nikamkimbilia peku mpaka barabarani. Bwana! Bwana! Na wewe weka! Akaniangalia. Una hakika? Sana! Nikampa na Fanta baridi. Akafunga bango lao, sura ya yule mama mkubwa mwenyewe, meno yote nje.

Jioni Goreth akapita. Akashika kiuno. "Shoga yangu, uzio wako umeolewa na waume wawili! Mshika mbili, moja humponyoka."

Nikamjibu: mshika mbili hapigwi na hata mmoja.

Ornella anapita mlango wa nyuma. Anasema namwaibisha. Afadhali aibu.

Ijumaa, 13 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu.

Asubuhi natoka kwenda kazini, nakuta bango la bluu limeandikwa. Kalamu nene nyeusi, juu ya uso wa mkubwa wa serikali, kwenye uzio WANGU: LIAR. Muongo.

Nikarudi ndani mbio. Sabuni ya vyombo, haitoki. Steel wool, haitoki. Nikachukua dawa ya kutolea rangi ya kucha ya Ornella. Hiyo ikatoa — ikatoa maandishi, ikatoa na mdomo wa mama wa watu! Sasa ana macho, ana nywele, mdomo hana. Ni vibaya kuliko mwanzo. Anayepita atasema nimemfunga mdomo kwa makusudi.

Nikaingia jikoni kukaa kidogo. Ornella anakula mkate. Nikaona vidole vyake. Vyeusi.

Nikanyanyua mkono. Ukabaki juu hivyo hivyo, haukushuka. Badala yake maneno ndiyo yakatoka, yale ambayo siku zote nimemficha. Yeye anajua baba yake alikufa kwa homa. Nikamwambia: hakuna homa. Baba yako, Mwalimu Wilondja, alisimama kwenye mitingi ya gavana, mbele ya watu wote, akasema neno moja tu. Hilo hilo uliloandika wewe. Muongo.

Wiki haikuisha. Walikuja wanaume watatu, wamevaa vizuri, wapole. Walinisalimu kwa heshima, wakanywa chai yangu. Wewe ulikuwa unatambaa, mmoja wao akakubeba. Halafu mkubwa wao akasema: Mama, tunamuazima kidogo tu mwalimu, tutamrudisha.

Azima! Kama sufuria. Kama jembe.

Baba yako akaacha miwani yake mezani. Nikamwambia nikuletee? Akasema acha, narudi sasa hivi.

 Ornella akauacha mkate. Nimefika kazini nimechelewa, shefu wetu wa kazi ameniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 14 Machi

Nyumba kimya kutwa. Jioni Ornella akaja akakaa karibu na mimi, kichwa begani, kama zamani.

Akauliza: huyo gavana, alikuwa muongo kweli?

Nikasema kweli. Alisema barabara ya kwetu imeshajengwa. Tulikuwa tunaitafuta hiyo barabara kwa macho.

 Akakohoa. Akavuta pafa yake. Halafu kwa kile Kingereza chake: sasa Mum, huyu mama wa bango tunamuosha uso kwa nini?

Nikamwambia aende akale.

Jumatano, 18 Machi

Mtu amepiga picha uzio wetu. Uko kwenye simu za Sydney nzima! Bango jekundu linacheka, bango la bluu halina mdomo, na kati yao — mimi, na ndoo, nimeinama nasugua. Kumbe nilipigwa picha nikiwa nimeinama. Watu wanacheka huko Wetherill Park, watoto wa kanisani kwetu wanaofanya kazi maghalani huko wamenitumia hiyo picha. Wanaandika eti huyu ndiye mama mwenye adabu kuliko wote Australia. Mimi silioni la kuchekesha. Naona uso wangu, naona na namba ya nyumba.

Na bado! Yule mwanamke wa T-shirt nyekundu amempigia Ornella. Mkubwa wao, mwenye ndevu, anakuja Jumamosi. Hapa! Anataka kuona bafu. Anataka kusimama kwenye uzio na kamera, aseme serikali inadanganya, na Ornella asimame kando yake na yeye aseme.

Ornella amekubali. Hakuniuliza.

Nikasema hapana. Nikasema chini ya paa langu, hapana! Akasema ana miaka kumi na minane. Hapa mtoto wa umri huo hakatazwi, anaombwa. Basi nikaomba. Nilipiga magoti, mimi mama yake, kwenye zulia. Akalia, akaninyanyua. Lakini hakusema ataacha.

Nikamuuliza, hao wekundu wanakupenda wewe, ama wanapenda kidonda chako? Wakishinda, wao watatengeneza hilo bafu? Akasema hajui. Akasema anajua tu kwamba yule mama alisema uongo na sisi ndio tunavuta huo uongo kila siku kifuani.

Anaongea kama baba yake. Hilo ndilo linaniua.

Ijumaa, 20 Machi

Sijala. Leo kazini nimemuogesha bibi mmoja mara mbili, nimesahau. Yeye amefurahi.

Goreth anasema nitulie. Anasema hapa mtu akimwita mkubwa muongo, mkubwa anamjibu muongo ni wewe, basi, wanahesabu kura. Nikamuuliza, wewe ungempeleka binti yako?  Akasema: ningempeleka, lakini nisingelala.

Ameahidi atakuja kesho kukaa na mimi. Aje mapema.

Jumamosi, 21 Machi

Goreth hajafika. Wamempa shifti ya mtu aliyeumwa.

Wao wamefika. Magari matatu, jeupe liko mbele kabisa, mlango wake umeachwa wazi. Naandika hapa jikoni, kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Yule mwenye ndevu ameingia bafuni na viatu. Ameangalia juu, ametikisa kichwa, kamera nyuma yake. Amenipa mkono. Mkono laini. Kasema mambo mengi, nimeshika moja tu: aibu. Akatoka nje.

Sasa hivi, sasa hivi kijana mmoja mwenye vidude masikioni amekuja hapa mezani. Mpole! Amenisalimu vizuri sana. Mkono wangu wenyewe ukamimina chai, akanywa. Akasema chai nzuri. Halafu akasema, nimesikia kwa masikio yangu: Mum, can we borrow Ornella for a minute?

Borrow.

Nalijua hilo neno. Kazini wanalisema kutwa. Borrow kalamu, borrow kiti. Ni kuazima.

 Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Ornella ameniona uso. Amenishika bega, akasema Mum, ni hapo nje tu. Narudi.

Ametoka.

Nawaona dirishani. Wamemsimamisha kwenye uzio katikati ya mabango mawili. Ni mdogo hivyo? Sikujua bado ni mdogo hivyo. Ng'ambo ya barabara yuko yule mzee wa kofia ya bluu, amekunja mikono, anaangalia. Anamwangalia yeye au gari? Mwenye ndevu anaongea, anamwonyesha kidole yule mama asiye na mdomo. Hana hofu hata kidogo! Anamtukana mkubwa wa serikali na jua linawaka na polisi mmoja yupo pale, na polisi anakula andazi.

Mlango wa gari jeupe bado uko wazi. Kwa nini hawaufungi?

Wamempa maikrofoni. Nimefungua dirisha kidogo. Anaeleza bafu, anaeleza kifua chake. Vizuri. Sauti inatetemeka lakini vizuri. Sasa mwanamke wa TV anamuuliza, kwa lugha ya kwenu mtu wa namna hiyo mnamwitaje?

Usijibu, mwanangu. Cheka tu. Sema hujui.

Huyu mtoto hajaniongelesha Kiswahili tangu alipokuwa na meno ya maziwa.

"Muongo," amesema. Hivyo hivyo, kama aliyekulia Uvira. Na tena kwa Kiswahili, hamtazami wa kamera, anatazama dirisha langu: "Baba yangu alisema hivyo."

 Nje hawajaelewa. Mimi nimeelewa.

Anakohoa sasa. Anakohoa sana. Anapapasa mfuko wa suruali, ule mwingine, hana. Kijana wa masikioni amemshika mkono, anamvuta akakae — kwenye gari, anamkalisha kwenye lile gari!

Pafa iko hapa mezani, karibu na kikombe cha yule kijana.

Miwani ya Wilondja sikuipeleka. Alisema anarudi, nikakaa nikasubiri.

Miguu haitaki. Kamera zote zimeelekea mlango wangu.

Hii naipeleka.