Kiti cha Mbele Katika Boti ya Virgil

Jumatatu, 18 Machi

Daktari kasema niandike presha kila siku kwenye daftari hili. Haya. Presha 158 kwa 91. Imeisha. Lakini ukurasa mzima umebaki mtupu, na mimi sijazoea kuacha kitu nusu.

Nimeendesha saa nne kutoka Kentaki mpaka huku Indiana, trela na boti nyuma, mvua njia nzima. Miaka sabini na minane! Nimesimama mara mbili tu, kukojoa. Vijana wangelala njiani. Mgongo umekufa kabisa.

Virgil nimemkuta kwa binti yake, dirishani, kwenye kiti cha magurudumu. Mwenzangu wa kuvua, miaka thelathini na mmoja. Kiharusi kimechukua upande wa kulia wote — mkono, mguu — na kimechukua maneno. Anajua anachotaka kusema, unaona machoni, lakini linatoka moja, mengine yanakwama. Aliponiona akacheka kwa nusu ya mdomo. "Mnene," akasema. Miezi mitano hatujaonana, na neno alilolipata ni hilo! Nikamwambia na wewe umebaki ufito.

Rhonda, binti yake, ananiita Anko Orval tangu akiwa na meno ya utoto. Kaniambia jikoni, akiosha vyombo, machozi yanadondokea povu: Jumatatu ijayo wanampeleka makao ya wazee mjini. Hawezi tena kumwinua peke yake. Chumba kiko ghorofani, dirisha linatazama maegesho ya magari. Na nyuma ya nyumba ya Rhonda ziwa hilo hapo! Ziwa Pruett. Dogo, ukipiga kelele mtu wa ng'ambo anasikia. Virgil hajawahi kutia ndoana humo.

Nikasema Jumamosi nampeleka mimi.

"Anko, wenyeji wenyewe wanasema humo hamna kitu."

Wenyeji! Nikamwambia mwezi huu majike ya samaki wa besi yamejaa mayai. Yanatoka kilindini, yanasogea kule yanakotaga, na njiani yanakula kama kesho hakuna. Kazi ni kujua njia yao. Mimi siku tatu zinanitosha, ziwa lolote. "Muulize baba yako nani alikuwa anawatafuta."

Rhonda akamtazama baba yake. Virgil akatazama dirisha.

Kakubali, kwa masharti. Saa tatu asubuhi mpaka saa sita, basi. Jaketi la kuokolea. Na akae kiti cha nyuma, ndani, chini. Kile cha mbele ni kirefu, kinazunguka, mtu anatupwa majini. Nikaahidi.

Jumanne, 19 Machi

Presha 155 kwa 90. Maji nyuzi 47 za Farenhaiti, yanauma mpaka kwenye mfupa.

Ziwa hili ni shimo la zamani la makaa ya mawe, wakalijaza maji. Maji meupe pe! Natazama chambo changu kimelala chini kama kwenye glasi. Kwetu maji ni rangi ya kahawa ya maziwa, na mwezi wa tatu besi wako kwenye matawi yaliyozama, maji ya magotini. Kwa hiyo nimekwenda ndani kabisa ya ghuba, kwenye matawi. Ndivyo inavyofanywa. Siku nzima. Hakuna aliyegusa.

Mota ndogo ya mbele ina matatizo. Ile ya umeme, unaongoza kwa kanyagio la mguu. Nakanyaga kushoto, boti inazunguka yote. Nakanyaga kulia, napanda ukingoni. Waya utakuwa umeoza.

Jamaa mmoja akapita, Hagedorn, jirani wa Rhonda, boti mpya ina skrini nyingi kama duka la televisheni. "Mzee wa Kentaki! Unavua au unacheza dansi?"

Nikamwambia naangalia ziwa pande zote.

"Basi umeshaliangalia mara tisa!"

Nikatupa tena. Watu wa skrini.

Jumatano, 20 Machi

Presha 160 kwa 92. Maji 48. Mvua. Ghuba ileile, matawi yaleyale. Hakuna.

Jioni Rhonda katupeleka kwenye chakula cha kanisani. Kuku, viazi, pai ya tufaha. Hagedorn keshaeneza habari za boti kuzunguka, meza nzima inacheka. Nikawaambia nilivyompata yule wa pauni tisa mwaka ule wa mafuriko, wakanyamaza wakasikiliza. Huwa wananyamaza. Halafu Hagedorn, mdomo umejaa viazi: "Mzee, kweli lakini. Mtu aliyevua miaka thelathini hawezi kanyagio? Ulikuwa unakaa nyuma nini?"

Nikamwambia waya umeoza.

Virgil alikuwa pembeni yangu. Hakucheka na wao. Akanisogezea pai yake. Sikuimaliza.

Alhamisi, 21 Machi

Presha sikupima. Maji 51.

Magoti yamegoma asubuhi, nimelala mpaka saa nne kama bwana mkubwa. Mchana maharage na mkate wa mahindi. Rhonda akaenda kuchukua dawa mjini, tukabaki wawili, mimi na Virgil. Uchovu nilionao si wa mwili. Nikachukua karatasi ya ibada ya Jumapili, nikachora ziwa nyuma yake. Sikumuuliza kitu! Namwonyesha tu. Hapa ghuba. Hapa mdomo wa ghuba. Hapa rasi ya mawe imejitokeza. Hapa matawi ninapovua.

Akatazama muda mrefu. "Kina?"

Nikamwambia sijapima.

Akatikisa kichwa, kama unavyomtikisia mtu aliyesahau kufunga zipu. Akamega mkate wa mahindi kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akauweka juu ya karatasi. Si ndani ya ghuba. Nje! Mdomoni, pale rasi inapoporomokea kilindini. Akabonyeza kwa kidole mpaka makombo yakaruka. "Hapa. Chini... chini. Wanangoja."

Nikamwambia ziwa hili hata ukucha hujalowesha, unajuaje?

Akauchukua ule mkate akaula.

Nilikasirika. Nikaondoka na boti, nikavua ghuba yangu, matawi yangu, mpaka jua linashuka. Nikitupa na kuvuta, kutupa na kuvuta. Bega linawaka. Siku tatu zangu zimeisha na sina hata mmoja wa kumwonyesha.

Ijumaa, 22 Machi

Naandika mengi leo. Presha 171 kwa 96, nitamwambia daktari mashine mbovu.

Jua, upepo wa kusini, maji yamefika 54. Asubuhi nimekwenda kwangu tena. Ndiyo, matawi. Hakuna. Saa sita nikasema haya, nikapaone hapo pa mkate ili nimwambie hapana kitu.

Upepo haukuniachia boti isimame hata dakika moja. Nikatupa nanga. Hakuna aliyeniona. Nikahesabu chambo kinavyozama: juu ya rasi, futi nne. Nikatupa mbele kidogo, kikaenda, kikaenda — kumi na nne! Ngazi. Kama ngazi ya nyumba, na hatua ya kwanza ni hapo.

Mara ya tatu mshipi ukasogea pembeni. Haukugonga, haukuvutwa. Uliondoka tu, kama mtu anayetoka bila kuaga. Nikakaza.

Jike. Pauni sita, na mimi mizani siongezi — leo siongezi. Tumbo limejaa, gumu, mdomo ungemeza ngumi yangu. Nikamshika majini mpaka akapata nguvu, nikamwacha aende akatage. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Wote hapohapo, mahali pa ukubwa wa meza ya Rhonda.

Nikakaa.

Nasema hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Miaka thelathini na mmoja yeye ndiye alikuwa mbele. Mguu wake kwenye kanyagio, anatazama maji, hasemi, boti inasimama. Mimi nyuma natupa kwenye samaki waliokwisha kupatikana. Natoa mkubwa, naenda naye mgahawani, nasimulia nilivyomtafuta. Na yeye kakaa pembeni anatafuna soseji yake. Hakusema hata siku moja "si kweli." Waya wa kanyagio ni mzima. Sijawahi kuliendesha, basi.

Sasa chakula cha jioni. Rhonda amefurahi, amenishika mabega, "Anko! Siku nne, ziwa lililowashinda wenyeji! Umewapataje?"

Nilikuwa nimeamua niseme. Njiani kutoka gatini nilikuwa nimeshayapanga maneno. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Mwanangu, kitu hiki unazaliwa nacho."

Virgil akaacha kutafuna. Akanitazama. Akajaribu kusema kitu, kikakwama. Akajaribu tena, shingo imekaza, mshipa umetoka. Rhonda akadhani chakula kimempalia. Akamfuta mdomo.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika nikiwa ndani ya boti. Vidole havishiki kalamu vizuri. Upepo umegeuka, sasa unatoka kaskazini, mawingu ya chuma, maji yamerudi 50. Kesho yake kila kitu huharibika, ndiyo uvuvi.

Saa tatu kamili Rhonda na mimi tumemshusha Virgil gatini. Kofia ya sufu, jaketi la kuokolea, blanketi. Kiti cha nyuma. Rhonda akafunga zipu mpaka kidevuni, akanikumbusha tena ahadi. Amebaki gatini na kahawa yake, anatuona, ziwa lenyewe kiganja.

Nimempeleka pa jana moja kwa moja. Nanga inaburuzika, boti inazunguka. Nikakanyaga, tukazunguka zaidi. Virgil anatupa kwa mkono wa kushoto, ufito wa kuvulia kaubana kwa paja, anazungusha mshipi polepole, na kila akitupa mimi nimeshamgeuza upande mwingine! Chambo kinaangukia popote. Saa nzima. Nikamwambia subiri, watakuja. Saa ya pili. Hakuna aliyegusa. Pua yake imekuwa nyekundu.

Akaulaza ufito. Akagonga ubavu wa boti mara mbili kwa kiganja.

"Nini? Baridi? Turudi?"

Akanyoosha kidole kuelekea kiti cha mbele. Halafu akajipiga mguu. Wa kushoto. Mzima. Mguu wa kanyagio.

Nikamwambia Rhonda ataniua.

"Orval," akasema. Jina langu, zima, halijakwama popote. Tangu Jumatatu hajalisema.

Nikapandisha nanga, nikaisukuma boti kwa kasia mpaka pua yake ikapanda mchangani. Nikamshika kwapani. Yeye si mzito, mimi ndiye mzee. Hatua tano, tumepumzika mara tatu, mara moja tuliinama wote nikadhani ndiyo basi tena. Alikuwa anacheka yule, nilimsikia mbavuni kwangu! Nimemketisha. Nimechukua mkanda wa trela nikamzungusha kiunoni na kwenye nguzo ya kiti, mara tatu, fundo ninalolijua. Nikaisukuma boti ikaelea, nikarudi nyuma. Nilipokaa, mgongo wangu ulikijua kiti hicho.

Simu ikalia hapohapo. "Anko Orval! Nani huyo kakaa mbele?"

"Baba yako."

"Uliniahidi!"

"Niliahidi. Na jana nimekudanganya vilevile. Aliyewapata ni yeye. Alinionyesha Alhamisi, kwenye karatasi. Na miaka yote ni yeye, Rhonda. Mimi nilikuwa huku nyuma."

Nikamwona kule gatini anaweka kahawa chini.

"Mrudishe nyuma," akasema. "Sasa hivi."

Nikamwambia siwezi kumbeba tena, na huo ulikuwa ukweli. Akakata.

Virgil hakugeuka. Sijui kasikia kiasi gani. Mguu wake ukashuka kwenye kanyagio, mota ikaguna, boti ikanyooka. Hatukuzunguka hata kidogo! Pale pa jana hakupatazama. Ametoka nje zaidi, mpaka kwenye ukuta wa mwamba, kilindini, mahali ambapo mimi ningemcheka mtu akivua.

Sasa tumesimama. Upepo uleule, na boti imetulia kama imepigwa misumari. Mguu wake tu unacheza, kidogo, kidogo.

Ng'ambo, Hagedorn amewasha boti yake. Rhonda yumo, amesimama, ameshikilia kioo cha mbele. Dakika tatu watakuwa hapa. Nimemwambia Virgil wanakuja. Hawatazami. Anatazama maji. Ufito wake ameuacha magotini, haushiki. Amenyoosha mkono wa kushoto, kidole kimoja, mahali pamoja kwenye maji ambapo mimi sioni kitu, na ameugandisha hapo.

Anataka nitupe chambo hapo. Mimi. Ananingoja niache kuandika.