Tomi na Magoti Yangu

Jumamosi, Nshambya

Bado uso unaniwaka kwa aibu.

Wiki nzima nimemfundisha Tomi, mbwa wetu mdogo, asirukie watu. Napiga magoti mbele yake, akikaa kwa utulivu namlisha dagaa mkononi. Nikajisifu kwamba sasa ana adabu.

Leo mama mkwe amefika kutoka Kagoma. Nikapiga magoti kumsalimia, kama inavyompasa mke wa mwanawe. Kabla sijamaliza "Wasibota waitu," Tomi akaingia mbio, akanipanda kifuani na kunilamba mdomo. Nikaangukia miguu ya mama.

Hakucheka. Alikung'uta gauni lake taratibu, akauliza, "Kumbe hapa mbwa ndiye anayepigiwa magoti?"

Ni kweli.

Mume wangu hata hakunitetea. "Akirudia, nawapa wavuvi waende naye kisiwani Bumbire," alisema, na mbele ya mama yake huwa hatanii. Mama atakaa mwezi mzima. Nikimfunga Tomi, atalia mpaka majirani waamke. Nikimsalimia mama nimesimama, ukoo wote utajua kabla ya Jumapili ijayo.

Mbwa hana kosa. Amefanya nilichomfundisha, kwamba nikipiga magoti kuna dagaa, ila mimi sikufikiria...

Nimetoka uani sasa hivi kumjaribu nikiwa nimesimama. Tomi hakuruka. Alikaa kimya, macho kwenye magoti yangu, akisubiri nipige.

Na asubuhi lazima nipige.