Chungu Ulichonitumia Nimekivunja

K/K Usumani, fundi cherehani,
Gisimenti, Kigali.
21 Julai 1991

Mpendwa Dada Sekunda,

Shikamoo. Mguu wako umepona? Na shemeji Nduwayo, kikohozi kimemwacha? Mimi mzima, ila mgongo. Tunafyatua matofali huku Kinyinya tangu alfajiri, na jioni kuinama kuvua viatu ni kazi.

Barua yako na chungu nilivipata. Kumbe umeacha upishi wa shule, na miaka yako arobaini na saba, sasa unafinyanga tu. Watu wananunua vyungu vyako vyenye ndege kwenye kifuniko, wanaviweka sebuleni, hawapikii.

Dada, sikufurahi. Tulipokuwa wadogo, Mama alisema mdomo wa chungu changu umenyooka kuliko wa chako. Baba akasema mwanamume hafinyangi, nikaacha. Leo wewe unaitwa msanii, na mimi nashinda kwenye udongo nikiwajengea watu nyumba. Chungu chako nilikisukuma chini ya kitanda.

Kisha nikajaribu. Saa ya chakula nikafinyanga chungu kwa udongo wa matofali. Mwenzangu Eustache akapaza sauti, "Bibi Bigirimana, leo unatupikia nini?" Wakacheka wote. Tulipowasha tanuri nikakiweka juu ya matofali. Kikapasuka. Cha pili vilevile.

Ndipo nikakumbuka tulivyomtwangia Mama vigae vya vyungu vya zamani, achanganye na udongo mpya usipasuke motoni. Lakini hapa kwenye kambi yetu ya wafyatua matofali kila mtu anapikia sufuria. Vigae ningetoa wapi? Nilikuwa na chungu chako tu.

Sitasema kiliniponyoka. Nilikipiga kwa jiwe, na pigo la kwanza nililifurahia. Nikatwanga, nikachekecha, nikachanganya. Ndege wa kwenye kifuniko nilishindwa kumtwanga. Yuko mfukoni mwangu.

Juzi chungu changu kilitoka kizima. Eustache alikigonga kwa kidole, kikalia vizuri, akaenda kuleta maharage. Ila mdomo umepinda. Wa chako haukupinda, niliuangalia sana kabla ya kuuvunja.

Nimempa dereva wa lori linalokuja huko kwenu Kasulu akuletee. Usikiweke sebuleni. Kipikie. Ukichoka kukiona, kivunje, ukitwange, uchanganye kwenye vyako. Ndege nabaki naye.

Msalimie shemeji na Mama mdogo Pudensiana. Mungu aitunze mikono yako, hata kama nasema hivyo kwa shida.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda na wivu wangu,
Bigirimana