Swali la Mshenga

Katandala, Sumbawanga
Juni 1998

Dada Hellena,

Shikamoo. Baridi imeanza, na ofisini tumeletewa kompyuta ambayo hakuna anayethubutu kuiwasha.

Jumapili mshenga wa Basil atakuja kuuliza magonjwa ya ukoo wetu. Shangazi anasema, "Semeni mama yenu alikufa kwa malaria. Hiyo kansa ya ziwa itakukosesha mume, we mtoto!"

Nilimuuliza daktari kama nami nitaugua. Akasema, "Si lazima. Tunarithi tofauti ndogo ndogo katika chembe za urithi, ambazo watu wengi wanazo. Huenda kila moja ikaongeza hatari kidogo. Wataalamu bado wanachunguza."

Naogopa, dada, lakini nitasema ukweli. Nikidanganya, binti nitakayemzaa hatajua kwamba anapaswa kujichunguza.

Shangazi usimwambie hadi Jumatatu.

Mdogo wako,
Josefina