Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 14 Aprili

Waraka umefika. Mwalimu mkuu, Zuurakan eje (eje ni dada, ndivyo tunavyowaita walimu wa kike), katusomea ofisini mpaka chai ikapoa. Sisi tuliosoma ualimu kwa masafa, kila mmoja atafundisha somo moja mbele ya jopo kutoka Naryn mjini. Ukifaulu, cheti kamili. Ukishindwa, Septemba hugusi chaki. Halafu hili: mada unapewa asubuhi hiyohiyo, na ni marufuku kuwafanyisha watoto mazoezi ya somo kabla. Jopo linataka kuona mtoto asiyejua anasaidiwaje.

Wenzangu wakaguna. Mimi nilicheka — nje, peke yangu. Masomo ya kuwaonyesha wageni niliyoyaona maishani mwangu yote yalikuwa maigizo matupu!

Lakini hofu ninayo, nisijidanganye. Miaka sita na darasa la tatu. Nikiondolewa, nani atakubali kuja huku mlimani? Watoto wangu watasukumiwa chumba cha darasa la nne, wakae nyuma wakipiga miayo.

Alhamisi, 17 Aprili

Jopo ni Jumanne. Zuurakan eje kaniita pembeni. Anataka niwafundishe watoto ule mtindo wa zamani: swali likiulizwa, darasa zima linanyosha mkono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia tu, na wageni wanaondoka wakidhani shule nzima ni vichwa. Yeye alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha naye hivyohivyo.

Nikamwambia waraka umekataza. Kasema waraka haukutaja mikono popote.

Nikakataa katakata. Hakupaza sauti. "Mdogo wangu, hicho kiburi chako ndicho kitakachokufukuzisha kazi."

Nimerudi nyumbani damu inachemka. Kiburi! Mimi!

Jumatatu, 21 Aprili

Theluji imerudi. Mama mkwe kaoka mikate ya wageni, mizuri, mikubwa kama magurudumu. Nimeombea njia ifungwe. Kisha nikajionea aibu. Waje tu, tumalizane.

Jumanne, 22 Aprili

Niandike yote kabla sijasahau.

Walikuja watatu. Mkubwa wao ni Sovetbek agai, yaani mwalimu Sovetbek, mzee wa masharubu, mkaguzi wa siku nyingi. Akanipa karatasi: sehemu. Theluthi na robo. Yaani kati ya mada zote za dunia! Watoto wangu wanazichukia sehemu kuliko sindano.

Nikajikaza. Nikachora, nikaeleza, nikauliza: ipi kubwa, theluthi au robo?

Mikono yote juu. Darasa zima!

Nikaganda. Darasa langu halijawahi kunyosha mikono hivyo hata nikiuliza nani anataka kwenda nyumbani. Nikatazama vizuri. Wa kushoto, wa kushoto, wa kulia mmoja pale dirishani, wa kushoto… Nikamgeukia Zuurakan eje, aliyekaa nyuma na wageni. Anaangalia dari. Jana nilipokwenda kuchukua mikate, alikuwa amejitolea kunishikia darasa. Kumbe!

Nilijua la kufanya ili nipite. Nimwite yule wa dirishani, basi. Na mdomo ulishaanza kufunguka, nisiseme uongo. Lakini Sovetbek agai akaniwahi. Akamnyoshea kidole Aizirek, mdogo kuliko wote, mkono wake uko juu mpaka bega linamfika sikioni.

Aizirek akamshangaa. "Agai, mbona mimi? Mimi nimenyosha wa kushoto."

"Wa kushoto una nini?"

"Wa kushoto ni wa wasiojua. Mwalimu mkuu katuambia jana."

Zuurakan eje kawa mwekundu kama nyanya. Mimi nikaona cheti kinapaa dirishani, na kazi, na watoto wangu, vyote. Na hapo hasira ikanishika — hasira nzuri, ile inayokusimamisha wima. Nikasema: "Ahsante, Aizirek. Wote ambao mkono wenu ni wa kushoto, njooni mbele. Somo linaanza na nyinyi."

Walikuja saba, karibu darasa zima. Nikaenda kwenye meza ya wageni, nikachukua mikate miwili ya mama mkwe. Mmoja wa wageni akakohoa. Akohoe! Mkate mmoja nikawapa watoto watatu, wa pili nikawapa wanne. Gawaneni sawasawa. Wakaumega kwa mikono kama nyumbani, wakipimana vipande kwa macho makali kuliko mizani.

Aizirek alikuwa kwenye wanne. Akatazama kipande chake, akatazama cha jirani. Akaanza kusogea.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa watatu, eje. Kule theluthi ni kubwa. Huku tunapunjwa."

Darasa likaangua kicheko, na masharubu ya Sovetbek agai yakacheza. Nikauliza tena ipi kubwa. Mikono juu — ya kulia, yote, midomo imejaa mkate! Nikamwita mmoja mmoja, na kila mmoja akaeleza kwa maneno yake. Nililia kidogo nikifuta ubao. Hakuna aliyeona.

Ijumaa, 25 Aprili

NIMEFAULU! Sovetbek agai kapiga simu mwenyewe. Kasema tangu aanze ukaguzi hajawahi kuona darasa linalosema waziwazi halijui, na ndicho waraka unachotaka. Cheti kinakuja. Darasa la tatu ni langu!

Mama mkwe kasikia, kauliza kama walirudisha mikate.

Na Zuurakan eje? Gazeti la walimu limempigia, naye kawaeleza kirefu kuhusu "mbinu ya mkono wa kushoto ya shule yetu". Ya shule yetu! Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mwache. Aliniletea siagi jioni, na mimi nikamtilia chai.

Jumatano, 7 Mei

Naryn, chuo cha ualimu. Walimu wa mkoa mzima tumejaa ukumbini. Ninaandika chini ya meza. Bwana kutoka Wizarani, mwenye tai ya bluu, anatusomea waraka mwingine kuhusu kuwaandaa walimu wapya. Kurasa na kurasa. Sielewi kitu. Jirani zangu nao wanajifanya kuandika.

Kamaliza. Kauliza nani ameelewa.

Mikono juu, ukumbi mzima. Bwana anatabasamu. Kasema vizuri sana, vizuri sana.

Nimeutazama wa Zuurakan eje hapa ubavuni. Ulikuwa wa kulia. Kaushusha. Kanyosha wa kushoto. Na safu ya mbele yetu — wa kushoto. Nyuma — wa kushoto! Kumbe wote wamesoma gazeti! Wangu uko juu pia, naandika kwa wa kulia.

Sovetbek agai, meza kuu, kamwinamia bwana sikioni. Bwana katutazama upya, mkono kwa mkono. Tabasamu limekwisha. Anarudisha kurasa nyuma, moja, nyingine, mpaka ya kwanza. Kavua miwani. Anauliza tuanzie wapi basi.

Zuurakan eje kanipiga kiwiko.

"Simama, Burulcha. Mkate ninao kwenye mkoba."