Zamu ya Kukaa na Tekla

Jumapili. Mvua imekatika tangu alfajiri, lakini tope bado linashika miguu, na moyo wangu nao ni mzito kama tope.

Mimi Mfaume nimepita miaka sabini. Sibahatishi, maana vita vya Maji Maji vilinikuta kijana wa kubeba mzigo wa kikubwa. Wadachi walionichapa viboko wameondoka, mimi nipo. Njaa iliyofuata ile vita nimeipita, nzige nimewapita, na wake zangu wawili nimewazika, Mungu awarehemu. Sasa yupo Mwingereza. Naye tutaona.

Kuandika nilijifunza mwenyewe kwa kutazama alama za magunia ya pamba. Nani mwingine katika milima hii amefanya hivyo?

Leo naandika kwa sababu ya mjukuu wangu Tekla.

Tekla ni mtoto wa binti yangu Skola. Mimi nilimpa binti yangu jina la Mwanahawa, akaolewa na Mkristo, kanisa likamwita Skolastika, watu wakaona refu mno. Mumewe alikwenda kukata mkonge upande wa Lindi, na hata salamu haleti. Tekla shingo yake haikukaza. Mikono yake inajiendea itakako. Hasemi, ila anasikia kila kitu. Alipokuwa mdogo mama yake alimbeba mgongoni huku analima. Sasa amekua, miguu inaburuza chini. Ukimlaza pembeni ya shamba, siafu wanakungoja.

Watu wa hapa hawana roho mbaya. Kasiani, mwalimu wa dini, alitangaza kanisani, wanawake wakaja na unga na chumvi. Nikawarudisha njiani. Nyumba ya Mfaume haijapata kulishwa na mtu, uwe msikiti, liwe kanisa. Skola akaupokea ule unga kwa mlango wa nyuma. Nilijua. Na ugali nikala.

Lakini unga haukupalilia mpunga wake.

Kwetu palizi ni ujima. Leo wote kwangu, kesho wote kwako, kila mtu na ngwe yake, kipande alichopimiwa. Usipokwenda kwa wenzako, kwako haji mtu. Si ugomvi, ndiyo desturi. Na Skola hakwenda. Aende vipi, na mtoto amwachie nani? Nyasi zikaupita mpunga wake kimo.

Jumapili iliyopita padre alikuja kusalisha, na baada ya misa akafika uani kwetu. Akamwambia Skola kwamba kuna misheni, mbali, safari ya lori, masista wa huko wanalea watoto wa namna hii. Chakula kipo, dawa ipo, kitanda kipo.

"Fikiri, mama. Nikirudi Jumapili utanijibu."

Nikamwambia, "Padre, kitanda hata hapa kipo."

"Naona, mzee. Na wa kukaa naye, yupo?"

Nikavuta ugoro.

Jumanne nikachukua jembe la Skola, nikaenda kwenye ujima kwa jirani yetu Binti Salumu, mjane, mwenye mdomo. Nikawaambia, mimi ndiye mkono wa Skola, nipeni ngwe. Nikapiga kazi! Zamani ngwe yangu mimi ilikuwa ya wanaume watatu, na siku ile nilikuwa mbele ya wote. Mara nasikia yowe la Binti Salumu.

"Babu! Ee mume wangu! Mbona unang'oa mpunga unaacha nyasi?"

"Mpunga gani huu? Huu ulikuwa mgonjwa."

"Macho yako ndiyo magonjwa! Jamani, mume wetu ametumaliza!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashika viuno. Nasema tena, mpunga ule ulikuwa na rangi mbaya.

Binti Salumu alipomaliza kucheka alinijia karibu, akasema kwa sauti ya chini. Mkono wa Skola wanautaka, ila wautaka wa Skola mwenyewe. Mimi nikae nyumbani na Tekla, na wao waniletee watoto wao wadogo wanaowasumbua shambani. Huo ukaaji watauhesabu sawa na ngwe. Mke wa Kasiani akadakia kwamba kanisani walikwisha kuyazungumza hayo, wakaogopa kuniambia.

Kuogopa walifanya vizuri. Mimi, nilee? Nikachukua jembe nikaondoka.

Nilipofika nyumbani Skola alikuwa kisimani. Pembeni ya mlango nikaona kigauni cha Tekla kimefuliwa na kukunjwa, juu yake kanga moja, na kijiko chake. Vimefungwa kwa ugwe wa mgomba.

Nikajua jibu atakalopewa padre.

Tekla alikuwa amelala mkekani ananitazama. Nilikaa chini. Nimeona watu wakizikwa bila sanda, sikulia. Siku ile sisemi nilifanya nini.

Kulipopoa jua nilirudi kwa Binti Salumu. Nikamwambia macho yangu yanataka kupumzika palizi hii, basi nitakaa. Akasema, "Marahaba, babu," kana kwamba mimi ndiye niliyemwamkia. Mwanamke yule hana adabu.

Siku ya kwanza niliijutia. Watoto wa watu wanalia, mmoja amekula udongo, na Tekla anataka uji. Kumlisha si mchezo. Unamweka kidevu mkononi, unatia kidogo, unangoja mpaka koo limeze. Ukiharakisha anapaliwa. Alipaliwa, macho yakamtoka, nikadhani namuua. Nikamwinamisha kama nilivyoona mama yake akifanya. Akapumua. Nikampangusa mdomo, ndipo nikafahamu binti yangu amekuwa akiishi na hofu hiyo kila mlo, peke yake.

Sasa labda mama yake tu ndiye anayenishinda kumlisha.

Skola akaenda kwa wenzake. Na jana wote walikuwa kwake, wa rozari na wa msikitini, mstari mmoja. Jioni mpunga ulikuwa unaonekana.

Leo padre amerudi. Watu wamejaa uani. Skola alisimama na Tekla mapajani... hapana, nimekosea, alikaa. Akasema, "Padre, shamba langu limepaliliwa. Mtoto wangu habebwi na lori."

Padre akaniangalia mimi. "Na mzee akichoka?"

Sijawahi kuchoka, nilitaka kusema. Lakini swali lile huwa najiuliza mwenyewe. Nina palizi ngapi mbele yangu?

Mke wa Kasiani akanitangulia. Akasema zamu ni ya ujima wote, si ya babu peke yake. Babu akichoka anaingia yeye, akichoka yeye anaingia mwingine. Mumewe Kasiani akasema litatangazwa kanisani kila palizi na kila mavuno, kama yanavyotangazwa mengine. Binti Salumu akasema wao wa msikitini hawahitaji kutangaziwa. Padre akacheka kidogo, kisha akaahidi safari ijayo aje na sista anayejua kunyoosha viungo, atufundishe hapahapa.

Skola ameingia ndani na kukifungua kile kifurushi. Kigauni amemvika mtoto, kijiko amenipa mimi.

Kesho ujima uko kwa Kasiani. Mimi nitakuwa uani.

Asemaye Mfaume anajisifu, amuulize Binti Salumu, ingawa habari ya mpunga ataikuza. Amuulize Kasiani na mkewe. Padre naye aliona. Na kama hao hawatoshi, aje mwenyewe asubuhi wakati wa uji. Ila aje polepole na asiite kwa sauti, maana Tekla akishtuka anapaliwa.