Kopo la Chenga za Chuma

Larkin Springs, Kansas
Jumanne, 14 Julai 2009

Kwa Kaka yangu Merle,

Pokea salamu zangu, pamoja na za shemeji yako Bernice, ambaye amesimama hapa mlangoni akinihimiza niandike kwa mwandiko wa kusomeka. U hali gani huko Oregon? Na mguu je? Darla ameniambia kwamba daktari anataka kukubadilishia nyonga, nawe ukamwambia akaanze na ya mkewe. Nimecheka mpaka nikakohoa. Sisi huku hatujambo. Ngano imeshavunwa, jua linatuchoma utadhani tumelikosea, na mimi siku hizi nikiingia mahali tumbo ndilo linalotangulia. Uzee, kaka, haubishi hodi.

Najua utashangaa kupata barua. Miaka yote hii tumekuwa watu wa kadi za Krismasi na simu ya dakika tano, na tatu kati ya hizo tunazungumzia mvua. Lakini haya ya leo yameishinda simu. Nimekupigia mara mbili wiki hii, na mara zote mbili ulipopokea tu, nikakuuliza habari za mvua.

Nianze na habari njema. Gari letu, ile Mbu ambayo Baba aliinunua ikiwa imegeuzwa banda la kuku, imetoka ghalani. Binti yako Darla ndiye mchokozi. Alipokuja Pasaka alimsikia Bernice akitaka ngazi, akaingia ghalani kuitafuta, akatoka hana ngazi, uso mzima vumbi, akaniuliza, “Baba Mdogo, hii ndiyo Mbu yenyewe?” Nikamwambia ndiyo. Akasema basi Agosti itashuka kwenye mashindano ya magari ya zamani, na dereva ni yeye. Nikamwonya kwamba mbio za robo maili si bembea. Akanijibu kwamba yeye amekimbiza magari huko kwenu miaka kumi na minne na leseni anayo, mimi nina nini cha zaidi ila kitambi? Hiyo ni damu yako, huwezi kuikana. Shule zilipofungwa akaja na begi lake, na tangu hapo analala chumba chako. Alitaka iwe siri, wewe uitwe Agosti uje uone tu. Samahani, siri hiyo nimeipasua.

Sasa, uzito. Waandaaji wanaruhusu gari la aina yetu lishuke mpaka ratili elfu mbili mia nne pamoja na dereva, chini ya hapo hapana. Kila anayetaka kushinda anaukaribia mstari huo kadiri awezavyo, kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kujua tuko wapi. Tuliikokota Mbu mpaka kwenye mizani ya malori pale ghala la ngano. Ikasema 2,460. Tukamtoa paka aliyekuwa amelala nyuma, tukapima tena, ikasema 2,480. Ile mizani inahesabu kwa ishirini ishirini. Kwa lori la ngano haina neno, lakini kwa Mbu ni sawa na kupima chumvi kwa koleo.

Binti yako mwalimu wa hesabu hakukubali. Darla alichukua mizani ya bafuni ya Bernice na ubao mnene. Ncha moja ya ubao aliiweka juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, na gurudumu akalikalisha karibu na tofali, ili mizani ibebe theluthi tu ya mzigo. Anasoma, anazidisha kwa tatu, anahamia gurudumu jingine. Akapata 2,468. Ongeza ratili zake 132, ambazo alinikataza nisimwambie mtu, lakini wewe ni baba yake. Jumla 2,600. Tulikuwa na ratili mia mbili za kutupa. Ile mizani ya bafuni imelegea kwa mzigo huo, na Bernice anaamini amepungua ratili tisa. Ametukataza kuigusa.

Kaka, nilisahau raha ya kazi hii. Viti vya zamani vikatoka, ratili arobaini na moja. Vioo vya pembeni tukaweka plastiki ngumu, thelathini na nane. Ile hita ambayo hakuna aliyewahi kuiwasha, kumi na tisa. Boneti tukaweka ya faibaglasi. Mlango wa kulia ulitushangaza, maana tulikwangua plasta ndoo nzima, ratili ishirini na saba! Darla akauliza ni fundi gani alipaka plasta kama anajenga kanisa. Nikamwambia, “Ni baba yako, alipougonga mlango kwenye sanduku la posta akataka kumficha babu yako.” Amecheka siku mbili. Lakini baada ya yote hayo zilibaki ratili arobaini na mbili, na hizo hazina njia ya mkato. Hizo hutoka kwa keekee, tundu kwa tundu, wakia kwa wakia, kwenye kila kishikio na kila bawaba.

Nikamsimulia kopo la Baba. Naye akafurahi, kwa sababu zaidi ya jina la Mbu na siku ya ajali, wewe hukuwahi kumsimulia lolote la nyumba hii. Nilimwambia jinsi kila Jumamosi jioni tulivyosimama mbele ya mizani ya jikoni ya Mama, kila mmoja na daftari lake na kopo lake la kahawa lenye chenga za chuma alizotoboa wiki hiyo. Baba anamimina, anapima, anatangaza. Aliyetoa nyingi anakula kipande cha kwanza cha pai ya cheri, na aliyeshindwa anaosha vyombo. Na nilimwambia sheria moja ya Baba, kwamba chochote kinachogeuza gari au kulisimamisha hakiguswi na keekee, hata kwa wakia moja. Ningenyamaza hapo mambo yangekwisha. Lakini mdomo wangu unaujua. Nilimwambia pia kwamba daftari langu bado liko kwenye droo ya chini, na Darla akaanza kufuata orodha yake, kifaa kwa kifaa.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nje nanoa panga la kukatia majani. Nikamsikia ananiuliza kwa sauti mbona hapa pameandikwa mkono wa usukani, wa kushoto, matundu matano, wakia sita, na huu uliopo ni mzima? Nani aliubadilisha? Au huu Babu aliuruhusu? Kisha nikasikia keekee inaanza kuzunguka. Merle, mimi sijakimbia tangu nilipokuwa na nywele, lakini siku hiyo nilikimbia. Nilimkuta amekibana kile chuma cha kugeuzia gurudumu kwenye jiliwa na ncha ya keekee imeshakigusa. Niling'oa waya ukutani na kumfokea neno ambalo sitaliandika. Alidhani moyo umenipasuka. Akanikalisha juu ya tairi, akaniletea maji. Halafu akalichukua daftari, akaitazama tarehe iliyoandikwa pembeni. 9 Julai 1966. Akanitazama mimi. Ajali yako na Mbu ilikuwa tarehe kumi.

Sasa nakwambia, na ninakuomba usome mpaka mwisho.

Ulikuwa umenishinda wiki tatu mfululizo. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu, mimi kumi na minane, na kila Jumamosi nilikuwa naosha vyombo ukinipigia mluzi sikioni. Wiki ile kopo langu lilikuwa jepesi tena. Sikuona mahali pengine pa kutoboa. Mchana wewe na Baba mlipokwenda kuchukua mafuta, niliufungua mkono wa usukani wa kushoto, nikautoboa matundu matano, nikaurudisha na kuupaka grisi nyeusi usionekane. Jioni nilishinda. Nilikula kipande cha kwanza, nawe ukaosha vyombo, ukanipiga kibao cha mgongo na kuniambia nimekua. Kesho yake kwenye mbio, ulipofika katikati ya robo maili, ule mkono ukakatika kwenye tundu la tatu.

Najua hivyo kwa sababu ni mimi niliyeupata. Watu walipokuwa wanakutoa ndani ya chuma, nilikiona kipande kwenye nyasi, nikakitia mfukoni kikiwa bado cha moto. Nilikitupa kwenye bwawa la ng'ombe nyuma ya uwanja. Kilichobaki nilikifungua mwenyewe kabla Baba hajaingia ghalani, nikamwambia kimepotea kwenye ajali, na Mbu iliponyooshwa ukafungwa mkono mpya. Hakuniuliza swali. Alikuwa ameshasikia kwamba mchana ule ulionekana na chupa ya bia mkononi.

Bia moja. Nilikuona ukiinywa, tena nusu uliimwaga kwa sababu ilikuwa ya moto. Lakini wote waliimeza habari ile, na wewe mwenyewe ukaimeza. Baba alikwambia usiingie tena ghalani mwake, nawe hukubisha, ulichukua magongo yako ukaondoka. Hujagusa pombe mpaka leo, Darla ameniambia. Ameniambia pia kwamba alipoanza mbio hukumkataza, ulimwambia tu kwamba kosa dogo la mtu mmoja linatosha. Nilipolisikia hilo nilitoka nje nikalia kama mtoto. Kosa lilikuwa langu, kaka. Nimelijua kwa miaka arobaini na mitatu, na nimekuacha ulibebe. Nilimwogopa Baba, kisha Baba alipokufa nikakuogopa wewe. Sina sababu nyingine, na hiyo si sababu.

Darla hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema nina mpaka Jumapili hii inayokuja, nikiwa sijakuandikia atakupigia yeye. Ameufunga ule mkono mzima mahali pake kwa mikono yake. Tumebaki na ratili sita juu ya mstari, na amesema atashindwa nazo kwa furaha. Wale wazee wanaokunywa kahawa kila Jumamosi pale mkahawani, ambao bado wanaisimulia ajali yako kama kichekesho, nao nitawaambia, hata ukinichukia. Nimengoja tu usikie wewe kwanza.

Kuna jambo moja zaidi, na hili hakuna ajuaye isipokuwa mimi. Mkono ulipokatika, gurudumu la kushoto lilifuata njia yake, kuelekea kwenye kamba walikosimama watu. Lililobaki likikutii ni la kulia peke yake. Ulilikata kwa nguvu zako zote upande wa pili, kwenye ua wa mbao, upande uliokuvunja. Uliyafanya hayo kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Nyuma ya kamba ile walikuwa kama watu thelathini, na wa mbele kabisa alikuwa Mama, ameshika mwavuli wake wa jua. Mwaka aliokufa aliniambia hakuwahi kuamini ulikuwa umelewa, maana mlevi hawezi kugeuza gari namna ile. Akaningoja niseme kitu. Nikamwambia alale.

Msalimie shemeji Fern sana, na yule mjukuu wako mpya ambaye bado sijamwona. Bernice anakusalimu tena. Darla anasema anakupenda, na kwamba chumba chako ameshakifagia. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa. Ila hili lijue hata kama hutaki kunisikia maisha yako yote, kwamba siku ile hukukosea kitu, na Mama aliishi miaka ishirini na sita zaidi kwa sababu aliyeshika usukani ulikuwa wewe.

Mimi mdogo wako,
Royce